Pasi Ndani ya Blanketi

Riziki alipomwaga mizigo yake kitandani pangu, hapa Kimanga, mtaani kwetu Uvira kando ya ziwa, nilidhani ananionyesha bidhaa za kuuza. Kulikuwa na hema lililokunjwa likawa dogo kama mto wa kulalia, na mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya ya bata, mwepesi hata nilipoupokea mkono wangu ulipaa juu, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani imejaa. Kulikuwa na jiko la gesi linaloingia ndani ya kikombe, taa ya kufunga kichwani, na viatu vya mlima ambavyo soli zake zilikuwa hazijakanyaga hata vumbi la uani. Huko Lusaka anakofanya kazi wana kikundi chao. Kila mwisho wa mwezi wanapanda vilima, wanalala nje, wanaamka na kurudi mjini, na hakuna mtu aliyewafukuza. Siku aliyonieleza hayo kwa simu nilicheka mpaka machozi, halafu nikakata simu nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya jiko. Sasa alikuwa amekuja kupanda mlima wetu wenyewe, huu uliosimama nyuma ya Uvira, mwendo wa siku mbili kwenda juu, ili aone kaburi la mama yake aliyemwacha akiwa mtoto wa miezi minne. Wauza viazi wanaoshuka sokoni walikuwa wametuambia njia ni shwari. Mimi ndiye ningempeleka, maana wote wengine waliojua kaburi lilipo wamekufa au wamehama. "Tante," aliniambia, kwani ndivyo anavyoniita mimi mama yake mdogo, "weye ndiye unajua mulima. Uniambie nini nabeba, nini naacha."

Nikaanza kumkagua kama mtu wa forodha. Viatu nilimwamrisha avivae saa ile ile, atembee navyo mpaka tutakapoondoka, kwa sababu kiatu kipya mlimani ni adui anayetembea na wewe. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya plastiki peke yake na zisivaliwe njiani hata mvua ikinyesha, maana mtu wa ziwani akishatoka jasho hufikiri ameshinda baridi, na baridi inamngoja jua likiinama. Chumvi achukue nyingi. Hema abebe, jiko la gesi aache, huko kuni zipo na watu watafurahi ukikaa nao kwenye moto wao. Alikuwa anaandika kila neno kwenye simu yake kama mwanafunzi. Kisha akainua macho, akaiona pasi yangu ya makaa pale juu ya kabati, ile yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio, akaishusha kwa mikono miwili na kuibusu. "Na hii? Hii si ndiyo iliniokoa?"

Katika ukoo wetu hadithi ya pasi ile husimuliwa kila watu wanapokutana kula. Kwamba Faida, yaani mimi, msichana wa miaka kumi na saba, alipanda mlima na pasi kichwani wakati wengine wanabeba masanduku ya nguo, na kwamba kwa akili yake hiyo mtoto wa dada yake alipona baridi. Siku ya arusi ya Riziki waliiweka juu ya meza ya zawadi, wameifunga utepe mweupe, na mimi nikasimamishwa nipigiwe vigelegele. Nilisimama nikatabasamu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nilikuwa nimeitembea karibu miaka thelathini na ilikuwa bado haijaisha. Sasa ilikuwa inanipeleka mpaka kwenye kaburi la dada yangu, na mtoto wake ananifuata nyuma, ananishukuru. Sikuwa na watoto wangu. Riziki ndiye niliyemlea, ndiye anayenipigia simu kila Jumapili, na nilijua nikimwambia ukweli ninaweza kumpoteza siku hiyo hiyo. Nilijua pia kwamba nisipomwambia kabla ya kupanda, sitamwambia tena.

Mwaka ule, mwaka wa vita vya kwanza huku kwetu, tulikaa watatu katika chumba kimoja hapa hapa Kimanga: mimi, dada yangu mkubwa Nabintu niliyemwita yaya, na mwanawe Riziki aliyezaliwa katikati ya kiangazi. Mume wa yaya alikuwa amekwenda Kalemie kwa boti, na njia ikafungwa nyuma yake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo lenye pazia la kitenge cha kijani, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na jirani, Mama Kashindi, ambaye kila neno lake tulilisikia. Nadhani nilivijua vita kupitia yale mabati kabla ya kusikia bunduki yoyote. Asubuhi mume wake alirudi kutoka barabarani na kusema chini chini, "Batu ba Kiringye, kule uwandani, banapita na mikeka ku kichwa. Hata mbuzi banabeba." Mama Kashindi akauliza habari za askari, "Na basoda?" Akajibu, "Basoda ndio bako mbele yabo, banakimbia." Kisha nikamsikia mwanamke yule akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi siye tunangoja nini?" Na mumewe: "Tunangoja maharage yaive. Hatuwezi kukimbia na njaa." Yaya aliyekuwa ananyonyesha akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na mimi nikacheka pia. Mpaka leo nikinusa maharage yanayochemka, natazama mlango.

Kila nyumba siku zile ilikuwa na mzigo uliofungwa nyuma ya mlango. Yaya aliufanya kuwa somo. Alitandaza kila kitu kitandani, kama Riziki alivyotandaza vyake, na kila kitu kikapita mbele yake kujibu kosa lake. "Kitu hauwezi kukimbia nacho, hicho si chako," alisema. Mzigo ukishafungwa alinitwisha, akaniamrisha nizunguke uani mara mbili nikikimbia, yeye amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nikihema sana, tuliufungua na kutoa kitu kimoja. Sahani zilitoka hivyo, na saa ya ukutani, na kioo. Zikabaki sufuria moja, chumvi, ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, chupa ya mawese, unga wa muhogo, chandarua, na blanketi. Blanketi lile lilikuwa la sufu nzito ya kijivu, lenye mistari miwili myekundu huku na huku, na lilikuwa halijawahi kutumika. Nani anajifunika sufu Uvira, ambako usiku tunalala na kanga moja na bado tunaloa jasho? Chandarua tulikisifu sana. Tulifungasha kama watu wanaokwenda kulala ufukoni. Hatukujua kwamba tunapokwenda hakuna mbu hata mmoja.

Pasi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejifunza ushonaji mwaka mzima kwa fundi mmoja mwanamke, na siku niliyomaliza gauni la kwanza bila yeye kugusa mshono, alinipa pasi yake ya zamani. Kwangu mimi ile ilikuwa cheti. Niliamini kwamba popote tutakapotupwa na vita, mwenye pasi na mkasi hawezi kuwa ombaomba. Niliiweka kitandani pamoja na vitu vingine, na yaya akaisukuma pembeni kwa kidole. "Hii jiwe? Hapana." Nilisihi, nikanuna, nikakataa kula jioni ile. Hakubadili neno. Kwa hiyo alipokwenda kuoga, nilifungua mzigo, nikaizungushia pasi blanketi la kijivu mara tatu, nikafunga tena kama kawaida. Kesho yake asubuhi hakunikimbiza uani. Alfajiri hiyo ndipo bunduki zilipoanza kulia kutoka upande wa uwanda, kwanza kama mtu anapasua kuni mbali, halafu karibu, karibu sana, na Mama Kashindi akapiga mabati kwa kiganja. "Mama Riziki! Mutoke! Mutoke mbio!"

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka migongo. Njia ya mlimani ilikuwa na watu wengi kiasi kwamba niliona migongo tu, na kila mgongo una mtoto au mzigo, na hakuna aliyekuwa analia, hata watoto. Yaya alikuwa mbele na Riziki mgongoni na kikapu cha chakula kichwani. Mzigo wangu mimi ulinivuta shingo tangu mwanzo. Kwenye mto unaoshuka kutoka mlimani, maji yalikuwa yamejaa kwa mvua ya jana yake, nikateleza, nikakaa ndani ya maji na mzigo wote. Nilipoinuka, sufu ilikuwa imekunywa mto mzima. Nilipanda hivyo mpaka jua likawa utosini, maji yananichuruzika mgongoni, na shingo yangu ikawa inatetemeka yenyewe. Yaya alikuwa ameshanipita mbali. Nyuma yetu bunduki zililia tena. Palikuwa na mwamba mkubwa wenye ufa katikati, umesimama kando ya njia, nikaingia nyuma yake nikafungua mzigo. Nilijua siwezi kubeba vyote viwili. Nilijua pia kwamba yaya akiufungua mzigo huu jioni na kukuta pasi, atajua kwa nini nilibaki nyuma. Jua lilikuwa linanichoma, nimeloa jasho na maji, na akili yangu ya mtu wa ziwani ikaniambia: baridi gani? Nikalisokomeza blanketi ndani ya ufa. Pasi nikaitia ndani ya sufuria, juu yake nikakunja chandarua. Mzigo ukawa mwepesi, nikakimbia. Nakiri kwamba nilifurahi.

Jioni nilimkuta yaya amekaa kwenye nyasi, anawatazama watu wote wanaopita, mmoja mmoja. Aliponiona alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye mzigo. "Blanketi iko wapi?" Nilikuwa nimetengeneza jibu njiani. "Basoda bamekamata. Pale ku mto." Nilitegemea anigombeze. Akaacha kikapu, akanishika uso kwa mikono miwili ya moto. "Bamekugusa? Faida, niambie. Bamekugusa weye?" Nikasema hapana. Akanivuta, akanikumbatia na Riziki katikati yetu, akawa anasema, "Aksanti Mungu. Bachukue blanketi. Bachukue yote." Hapo ndipo ningeweza kusema. Ufa ule ulikuwa nyuma yetu mwendo wa saa chache tu. Lakini unamwambiaje mtu anayekushukuru kwa kuwa hai?

Siku ya pili tulifika juu, na mama mmoja wa huko, Mama Byamungu, mke wa mfugaji, akatufungulia jiko lake. Kilikuwa kijumba cha nyasi chenye mafiga katikati na moshi usiojua pa kutokea. Alitupa viazi vya moto tukavila na maganda, tukampa chumvi na ndagala, akawatazama ndagala wale kwa mashaka kana kwamba wangemrukia. Jua lilipozama nikaelewa. Ile chupa ya mawese, niliyoijua maisha yangu yote ikimwagika, niliigeuza juu chini na hakuna kilichotoka. Yalikuwa yameganda kama mshumaa. Nilibaki nimeishika, natazama, na hofu ikaniingia ambayo si ya bunduki. Yaya alikunja chandarua mara nne, mara nane, akamfunika mtoto. Akavua sweta yake nyembamba, akamvika juu ya hicho. Akafungua kitenge chake cha pili. Riziki alilia mpaka akaacha, na alipoacha ndipo tuliogopa zaidi, kwa sababu midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikaingiza mkono kwenye sufuria nikatoa pasi. Yaya aliiona. Hakuuliza. Mama Byamungu ndiye aliyepasuka kicheko: "Batu ba ziwa! Munapanda mulima na pasi! Mutapigia nani pasi huku, ng'ombe?" Lakini yeye mwenyewe aliijaza makaa, akaiweka mlangoni mpaka moshi ukaisha, akafunga jogoo, akaizungushia kitenge, na tukailaza miguuni mwa mtoto. Baada ya muda Riziki akalia tena kwa nguvu, na yaya naye akalia.

Tulifanya hivyo kila siku, muda wa majuma manne. Pasi ilimtosha mtoto. Mtu mzima haikumtosha. Mama Byamungu alikuwa na watoto wake sita na mablanketi mawili, alitupa ngozi ya ng'ombe ya kulalia, zaidi ya hapo hakuwa nacho. Mimi nililala upande wa mafiga kwa sababu yaya alisema mimi ni mdogo. Yeye alilala upande wa mlango. Kikohozi kilianza kama kitu cha kucheka, akisema anakohoa moshi, halafu kikashuka kifuani. Wauguzi wote walikuwa wamekimbia kama sisi. Mara moja nilimsikia akiongea na Mama Byamungu wanadhani nimelala: "Kama tungekuwa na ile blanketi." Na mama yule akamjibu, "Usiwaze. Bunduki haiombwi." Nilibana meno kwenye mkono wangu. Asubuhi moja ya mvua nilimpelekea uji na hakuupokea. Tulimzika juu ya shamba la viazi, na Riziki akanywa maziwa ya ng'ombe kutoka kwenye kidole cha Mama Byamungu mpaka nilipomteremsha mjini mgongoni mwangu. Nimejitetea mara nyingi tangu hapo. Najiambia wengine walikuwa na mablanketi na wakafa. Najiambia bila pasi mtoto angekwenda. Ni kweli yote mawili, na hayanisaidii.

Haya yote nilimwambia Riziki pale pale, na pasi iko mapajani mwake. Nilimwambia nikitazama viatu vyake. Sikuongeza kitu, sikuomba msamaha hata, niliogopa nikiomba atalazimika kunipa. Alipokuwa mdogo, akikasirika alikuwa anapiga kelele, na nilizingoja kelele hizo. Hakupiga. Aliirudisha pasi juu ya kabati. Akaanza kukunja vitu vyake kimoja kimoja, hema, mfuko, taa, akavipanga ndani ya begi kwa utaratibu wa kutisha. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Ilikuwa rangi gani?"

"Nini?"

"Ile blanketi."

"Kijivu," nikasema. "Na mistari miwili myekundu, huku na huku."

Akatoka. Nilisikia akisimamisha pikipiki pale barabarani, nikaisikia ikiondoka. Begi lake lilikuwa bado kitandani, lakini mtu aliyekasirika anaweza kuacha begi. Mpaka wa Burundi uko karibu. Kwa pikipiki ni dakika chache. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, na hofu niliyoisikia mchana ule niliitambua, ilikuwa ile ile ya mabati ya Mama Kashindi: unakaa, unasikiliza kila kitu kinachopita barabarani, na unangoja maharage yaive. Nilihesabu pikipiki zilizopunguza mwendo na hazikusimama. Jua lilikuwa linaelekea kuzama moja iliposimama.

Riziki aliingia na kitu kikubwa kimefungwa kamba ya katani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akakitupa mapajani mwangu, na uzito wake ulinifanya nigune. Lilikuwa blanketi la sufu, la kahawia, nene, la kizamani, lenye harufu ya ghala. "Kijivu nimekosa," alisema. "Nimezunguka soko lote." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono kama alipokuwa mtoto. "Kesho minye nabeba vingine vyote. Hema, chakula, maji, yote. Hii weye unabeba. Mpaka kwake."

"Ndiyo," nikasema.

"Wala sitakusaidia."

Tuliondoka asubuhi kungali na ubaridi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi wangu haukuwa wa mwenzangu, na shingo yangu ya leo si ile ya miaka kumi na saba. Kwenye mto nililinyanyua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, nikavuka hatua kwa hatua, maji yananifika magotini, na Riziki amesimama ng'ambo ananitazama bila kunyoosha mkono, midomo yake imekaza. Halikuloa hata pindo. Jua lilikuwa utosini tulipoufikia mwamba wenye ufa. Nilikuwa nimeahidi moyoni kupita bila kusimama, lakini miguu ilisimama yenyewe. Ndani ya ufa mlikuwa na majani makavu na nyasi zilizoota, hakuna kitu kingine. Riziki alitazama mwamba, akanitazama mimi, jasho linanitiririka mpaka kidevuni.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete, Tante. Umechoka. Lete nibebe kidogo."

"Acha," nikamwambia. Nikahamishia blanketi bega la kushoto, nikatangulia.